Sauti Haifiki Dawati la Nyuma: Kutafuta Hitilafu kwa Mwanafunzi Anayesimama Kuwasilisha

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nikiwa Lindi mjini, nilimpa mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alama 4 kati ya 20 kwenye uwasilishaji wa Kiswahili, na pembeni nikaandika neno moja: mwoga. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye basi la Masasi. Tulipofika Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Mtwara, basi halijatulia vizuri sauti ikapenya dirishani: "Korosho! Korosho za kukaanga hizi!" Nikachungulia. Ni yeye, kabeba beseni kichwani, anawashinda kwa sauti watu wazima waliokuwa wakiuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pembeni yake. Macho yetu yalipokutana, akashusha beseni, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Ile shikamoo sidhani kama dereva aliisikia.

Nilinunua korosho, nikaenda Masasi nikiwa na aibu yangu. Tangu siku hiyo neno "mwoga" siliandiki tena kwenye daftari la mtoto. Siku hizi hata zahanati haikupi dawa ya malaria kwa sababu tu una homa; wanakutoboa kidole kwanza. Uoga nao ni homa tu. Unaweza kutokana na pumzi, karatasi, tumbo tupu, lugha, au hata adabu nzuri aliyofundishwa nyumbani, na kila kimoja kina kipimo chake. Hapa chini nimeandika dalili ninazoletewa mara nyingi, za Lindi na za huku Newala ninakofundisha sasa, na namna ninavyozipima.

"Mwalimu, hatusikii!"

Hii ndiyo inayoongoza, na ina sababu nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Usianze na "ongeza sauti". Karibu kila mtoto akiambiwa hivyo hupandisha sauti kwa neno moja au mawili, kisha hurudi alikokuwa. Fanya kwanza ninachokiita kipimo cha Mnazi Mmoja. Mtoe nje, asimame upande mmoja wa uwanja, rafiki yake asimame upande wa pili, amwite. Rafiki akigeuka, chombo ni kizima, na tatizo liko kwenye matumizi. Asiposikika hata hapo, muulize kama ana mafua au koo, na kama ni mvulana anayebalehe, kumbuka kwamba sauti yake inakatika yenyewe kwa miezi kadhaa. Huyo usimlazimishe kupaza. Mwache aseme kwa sauti ya chini iliyo tulivu na umsogeze karibu na wenzake.

Kama chombo ni kizima, sikiliza sauti inapotelea wapi. Ikiwa mwanzo wa sentensi unasikika na mwisho unazama, hiyo ni pumzi. Mtoto amesimama, mabega yakapanda, akavuta hewa ya juujuu na kuanza kusema akiwa na nusu tangi. Kiswahili nacho hakimsamehi, kwa kuwa mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Sentensi inayokosa pumzi mwishoni inapoteza neno lake la mwisho pamoja na mkazo wake, na mara nyingi hilo ndilo neno lenye habari. Msichana wangu mmoja alikuwa akieleza magonjwa ya mikorosho. Alisema, "Mkorosho usiopuliziwa salfa kwa wakati hupata ubwiriunga." Dawati la nyuma lilipata "Mkorosho usiopuliziwa salfa kwa wakati hu…", halafu kimya. Darasa zima la watoto wa wakulima likabaki kukisia, ingawa ugonjwa wenyewe wanaujua kuliko mimi.

Dawa yake haina gharama. Aweke kiganja juu ya kitovu na kuvuta hewa mpaka tumbo lisukume kiganja, mabega yakiwa yametulia, kisha aseme sentensi moja tu na kusimama. Akiishiwa pumzi kabla ya nukta, kosa ni la sentensi, wala asilaumu mapafu yake. Ikatwe iwe sentensi mbili. Nimeona hotuba nzima ikifufuka kwa kuongeza nukta sita.

Ikiwa sauti iko chini kote, mwanzo hadi mwisho, angalia mdomo umeelekea wapi. Anayesoma karatasi iliyo usawa wa kifua anaisomea karatasi, na anayeandika huku anasema anauhutubia ubao. Kipimo chake ni cha kikatili kidogo: mchukulie karatasi katikati ya sentensi. Sauti ikipanda yenyewe, umemkamata mwizi. Kwa ubao kanuni ni moja. Chaki ikiwa kazini mdomo unapumzika, na mdomo ukianza kazi chaki inakaa chini.

Halafu kuna jengo, ambalo hakuna anayelipa alama ya sifuri. Darasa la bati lisilo na dari, mvua ya Januari ikianza, halina mshindi. Usimfanye mtoto ashindane nayo; subiri, au wakusanye wote wasogee mbele. Huku Newala tuna upepo wa ukingo wa nyanda, na madirisha ya nondo yasiyo na vioo huuingiza bila hodi. Anayesimama karibu na dirisha upepo unampokonya maneno. Msogeze hatua tatu upande wa pili, ndipo umhukumu.

Nimeibakiza ya mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo iliyomkamata yule muuza korosho. Ni heshima. Watoto wetu wengi, wake kwa waume, wamelelewa kushusha sauti mbele ya mkubwa, na waliopitia jando na unyago wamekaziwa hilo vizuri zaidi. Mwalimu akikaa mezani mbele, mita moja kutoka kwa mtoto, huyo mtoto anazungumza na mwalimu, na kwa mwalimu husemwa kwa sauti ya shikamoo. Unamwadhibu kwa kuwa na adabu. Kipimo chake: toka darasani, simama nje karibu na dirisha la nyuma usikilize. Sauti ikipanda ulipotoka, ugonjwa ni wewe.

Tangu nigundue hilo, siku za uwasilishaji ninakaa dawati la mwisho kabisa, katikati ya wanafunzi, na daftari la alama nimelifunika. Sijapata kutumia mbinu nyingine iliyobadilisha mambo kwa haraka hivyo. Walimu wenzangu wengine hawapendi kubanana kwenye dawati la mwanafunzi. Mtoto akisema bila kusikika, basi lawama zao wazigawe nusu kwa nusu.

Anatazama bati, au vidole vya miguu

Ni ndugu wa ile ya heshima. Vitabu vingi vya kuhutubia husema "mtazame msikilizaji machoni", na mtoto wa Tandahimba aliyefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu anabaki njia panda. Usimvunjie alichofundishwa. Mwambie achague wenzake watatu: mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja nyuma. Kila sentensi aipeleke kwa mmoja wao, kana kwamba anampa kitu mkononi, kisha ahamie kwa mwingine. Mwalimu atapata zamu yake akiwa mmoja wa hao. Kama macho ya mtu yanamchoma, atazame paji la uso. Kutoka mita nne hakuna atakayejua.

Lakini kama anatazama bati huku midomo ikienda mbio bila kituo, hilo si suala la macho. Anasoma maandishi yaliyo kichwani. Ruka hadi kwenye kukariri, chini ya "Nimesahau, mwalimu".

Anakimbia kama anafukuzwa

Kuna mbio za aina mbili, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya hesabu. Umempa dakika tano, yeye ameandika kurasa nne. Hata mtu jasiri atakimbia. Mimi huwapa maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni maneno 500, pungufu kidogo kama kuna maswali. Wayahesabu nyumbani. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na neno moja kama "wasiopuliziwa" linabeba kazi ya maneno manne ya Kiingereza. 100 yanatosha sana.

Ya pili ni ya anayetaka yaishe. Hapa maneno ni machache, lakini anayamimina. Kumwambia "taratibu" hakusaidii, kwa sababu mwendo wa mtu mwenye hofu yeye mwenyewe anauona wa kawaida. Afadhali umpe mahali pa kusimama. Chora mstari mwekundu kwenye kadi yake kila baada ya hoja, na kwenye mstari avute hewa moja kamili ya tumboni kabla ya kuendelea. Anayekimbia huwezi kumpunguzia kasi, ila unaweza kumwekea matuta.

Huwa nawachezea kwenye simu hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin. Kila mtoto anajua maneno uwezo, sababu na nia. Nawaambia wasijali maneno, wahesabu vituo. Hotuba ya vita, nchi imevamiwa, na mzee anasimama baina ya hoja na hoja kana kwamba ana siku nzima. Kimya chake kinatisha kuliko maneno. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama Nyerere alikuwa amesahau. Nikacheka, lakini swali lilikuwa zuri: ndivyo wanavyouona ukimya, kama kusahau. Ndiyo maana wanaukimbia.

"Nimesahau, mwalimu"

Anaanza vizuri, anafika dakika ya pili, uso unakuwa mweupe, anarudia neno moja mara tatu, kisha anakaa.

Kipimo: muulize, ukiwa naye peke yenu baadaye, "Ulitaka kusema nini?" Akikueleza kwa maneno yake mwenyewe bila shida, basi maarifa anayo, na kilichomponza ni kukariri neno kwa neno. Kukariri kwa namna hiyo ni kamba ya shanga: uzi ukikatika mahali pamoja, zote zinamwagika. Hakariri hoja, anakariri mfuatano wa sauti, na neno moja likipotea hana pa kushika. Tumewazoesha wenyewe, tangu darasa la kwanza, kuimba majibu kwa pamoja.

Kwa huyo, andika kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja maneno matano, yaani neno moja kwa kila hoja. Kwa yule msichana wa ubwiriunga yangekuwa: dalili, majira, salfa, gharama, baba. Hilo "baba" lilikuwa ni kisa cha baba yake aliyechelewa kupuliza, na ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Kitu kimoja tu ndicho namruhusu akariri: sentensi ya kwanza. Aijue kama jina lake, kwa sababu mwanzoni ndipo moyo unapopiga kwa nguvu zaidi, na hapo mdomo unahitaji kazi isiyotaka kufikiri.

Na akisahau licha ya yote? Arudie sentensi aliyomaliza, taratibu, kwa maneno mengine kidogo. Mara nyingi ya pili inaivuta ya tatu. Wasikilizaji watadhani anasisitiza.

Asipoweza kukueleza hata mkiwa wawili, hakuelewa mada. Hapo rudi kufundisha. Na kabla ya yote hayo, muulize kama amekula. Nina watoto wanaotembea mwendo mrefu asubuhi bila hata chai, na nikimpangia mtoto wa namna hiyo kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, sipimi ufasaha, napima njaa.

Mikono inatetemeka, mdomo umekauka

Hili ni la mwili na linapita. Mwili umemwaga adrenalini, homoni ileile ya kukukimbiza ukiona nyoka: moyo unaenda mbio, mate yanapungua, misuli inatetema. Huwezi kuifukuza kwa kujikemea. Unachoweza ni kutoa pumzi polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, mara nne au tano, ukiwa bado umekaa kwenye dawati. Karatasi moja nyepesi hutangaza tetemeko mpaka nyuma, hivyo iwekwe juu ya daftari gumu. Maji, kama yapo. Huku nyandani maji si ya kuchezea, na asiye nayo aung'ate ulimi kidogo pembeni kwa meno, mate yatakuja.

Anayezunguka mbele ya darasa kama mbuzi aliyefungwa kamba, au anayechezea chaki mpaka inakwisha: miguu ipane usawa wa mabega, chaki irudi mezani. Hakuna zaidi.

Darasa linacheka

Tafuta kwanza wanacheka nini. Kuna kicheko cha kumfurahia, na huyo aliyekipata afundishwe kusubiri kiishe ndipo aendelee, asiseme juu yake. Kicheko cha kumdhihaki ni kitu kingine, na huku kwetu kinaanzia kwenye matamshi. Kila Mtanzania anaujua utani wa Mmakonde na "nchumali" wake, yaani msumari. Mtoto anayetoka kijiji kinachozungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani akaja shuleni na "r" inayogeuka "l" anaujua utani huo vizuri kuliko wanaoutania.

Msimamo wangu, na tumeshabishana sana kwenye ofisi ya walimu: lafudhi siyo hitilafu. Siirekebishi na sikati alama. Ninachorekebisha ni pale maana inapogeuka. "Wananchi walijitokeza kupiga kula" inavunja hoja ya uchaguzi. "Kutoa mahali" haioi mke, ni mahari. Kwa hiyo pitia kadi ya mtoto kabla ya siku yake, chagua maneno mawili matatu yanayoweza kugeuka, ayafanyie mazoezi hayo tu. Mengine yaache yavae nguo za nyumbani kwao.

Na kicheko chenyewe ni kazi ya mwalimu, si ya mtoto aliyesimama. Kwangu anayecheka matamshi ndiye anayefuata kuwasilisha. Darasa hutulia haraka sana.

Kiswahili anawaka, Kiingereza anazima

Hii ni ya Kidato cha Kwanza hasa. Miaka saba ya shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, kisha ghafla Biolojia na Jiografia ni kwa Kiingereza, na anaambiwa asimame aeleze. Mpe mada hiyohiyo aieleze kwa Kiswahili dakika mbili. Akieleza vizuri, basi hajiamini kwenye lugha tu. Kumpa semina ya kujiamini ni kumpaka dawa ya macho mtu anayeumwa jino.

Apange hoja zake kichwani kwa Kiswahili, halafu atengeneze sentensi fupi fupi za Kiingereza, za maneno sita au saba. Ajifunze vizuri vile viunganishi vichache vya kuanzia hoja mpya, maana hapo ndipo wengi wanapokwama: wanajua hoja, hawajui mlango wa kuingilia. Afanye mazoezi na mwenzake mmoja njiani kwenda nyumbani. Sarufi irekebishwe baada, kwenye daftari. Ukimkatiza kila kosa, ataacha kutafuta hoja na kuanza kutafuta makosa.

"Eee… yaani… kwa hiyo… sawa eti?"

Mrekodi kwa simu, mpe asikilize mwenyewe, basi. Wengi hawaamini kama ni wao. Kama "yaani" zinakuja mwishoni mwa kila hoja, hajui hoja inayofuata, mpe kadi. Kama zimetapakaa kila mahali, anaogopa kimya, mrudishe kwenye mistari myekundu.

Wamelala

Saa nane mchana, Lindi, Februari, bila upepo. Hata mimi nalala. Kabla ya kumlaumu msemaji, angalia ratiba. Lakini kama ni saa tatu asubuhi na bado wanasinzia, sikiliza kama sauti yake ni ya mlio mmoja, na kama mada ameianza kwa fasili. Fasili inaua. Mvulana mmoja aliyewasilisha mada ya mazingira alikuja na bibo bovu, lile tunda la mkorosho, mfukoni, akaliinua juu kabla hajasema neno. Harufu ilimfanyia utangulizi.

Hasimami kabisa

Umemwita, amekaa. Umemwita tena, analia au anatazama dirishani. Hapa usiweke alama yoyote siku hiyo, na fimbo isikaribie.

Zungumza naye faragha. Pima usikivu wake kwanza: msemeshe kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Kisha sikiliza kama ana kigugumizi. Wengine hukificha kwa ustadi mkubwa, wanabadilisha maneno, wanajifanya wakaidi, kwa sababu kuitwa mkaidi kunauma kidogo kuliko kuchekwa. Mwenye kigugumizi mara nyingi huimba bila kukwama, na akisoma pamoja na mwenzake kwa sauti moja hukwama mara chache zaidi. Kwa hiyo anza hapo: wawili wasimame, wasome aya moja kwa pamoja. Usimmalizie neno. Usimwambie "tulia kwanza". Mtazame kawaida na umsubiri, na muda wake uongezwe bila kutangazwa.

Kama hana kigugumizi wala shida ya masikio, mpandishe ngazi kwa ngazi. Wiki ya kwanza anaeleza akiwa amekaa, kwa wenzake wa dawati lake tu. Wiki ya pili, dawati lake na la mbele yake. Ya tatu anasimama palepale alipo. Kwenda mbele ya ubao ni ya nne au ya tano, na wapo ambao nimewaacha wakamaliza muhula mzima wakiwasilisha wamesimama kwenye dawati lao, wakapata alama zao zote, kwa kuwa walisikika.